Mashapo ya Raha

Mihayo Kazwala hakuwa na kinanda wala fidla. Hakuwa na mwalimu wa muziki. Hakuwahi kukaa darasani mchana hata siku moja, wala hakuwa na cheti mpaka alipotimiza miaka arobaini na tisa. Hakuwa na baba wa kumwimbia utotoni, na sasa hakuwa tena na mke wa kumlalamikia uzeeni. Hakuwa na meno mawili ya mbele, na hayo hayakumsumbua. Kilichomsumbua, tangu wiki tatu zilizopita, ni kwamba hakuwa na kile alichokuwa nacho Kondo Mwinshehe, mzee wa Kizaramo aliyejilaza kwenye kiti cha msikilizaji upande wa pili wa kioo, mdomo wazi, akikoroma taratibu huku muziki wa okestra ukipiga.

Mizani ya raha ya msikilizaji ilionyesha tisini na moja kati ya mia. Mihayo aliufuta uso wake kwa kitambaa, akasoma tena. Tisini na moja.

"Anakoroma," alisema kwa sauti ndogo.

"Anakoroma vizuri," alijibu Dakta Yuditha, mkuu wa Kituo cha Usikivu cha Tabora, aliyekuwa amesimama nyuma yake. "Mwangalie mtoto."

Mihayo hakutaka kumwangalia mtoto, lakini alimwangalia. Nyamizi, mjukuu wa Mihayo na Kondo wote wawili, alikuwa amekaa kwenye kiti kidogo kando ya Kondo, kofia ya buluu kichwani, na waya laini wa daraja umeunganisha kofia yake na ya mzee. Alikuwa na miaka miwili na miezi kumi na moja, na hakuwa amesema neno hata moja tangu azaliwe. Sasa midomo yake ilikuwa ikichezacheza, kama ya mtu anayejaribu joto la chai kabla ya kunywa.

"Wiki mbili zaidi na huyu atasema," Dakta Yuditha alisema. "Andika hivyo, Mzee Mihayo."

Mihayo aliandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote pale Kituoni.

Miaka mingi nyuma wazazi waliwawekea watoto wachanga muziki wa kale wa okestra, wakiamini utawapa akili. Wengine waliwawekea hata wakiwa bado tumboni. Daraja lilipobuniwa ndipo wataalamu walipoona kwamba kwa watoto waliochelewa kusema, muziki wenyewe ulikuwa kama chakula kilichowekwa juu ya kabati. Kilichowafikia ni raha ya mtu mzima anayeusikiliza. Daraja liliichukua raha hiyo katika ubongo wa msikilizaji na kuipitisha kwa mtoto, na mtoto akaamka. Nyimbo zenye maneno ziliwachanganya. Muziki wa kale, ambao hupanda na kushuka kwa nusu saa nzima bila mtu kusema chochote, ndio uliofaa. Kila mtoto alihitaji msikilizaji mmoja, tena wa damu yake lakini asiye mzazi wake. Na muda ulikuwa na mwisho: mtoto akishatimiza miaka mitatu, ubongo wake hufunga mlango huo, na daraja haliingizi kitu tena.

Mihayo aliujua muziki huo. Alikuwa fundi wa taa za reli alipoanza masomo ya jioni, na alipohitimu na kuajiriwa Kituoni kuwa mpimaji, alikuta maktaba ya muziki ambayo hakuna aliyeigusa. Aliisikiliza yote kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa na madaftari arobaini na mawili. Alijua kila mtungaji alizaliwa mwaka gani na alikufa kwa ugonjwa gani, na alijua sekunde ambayo filimbi ya pili ingeingia.

Kondo hakujua hata mtungaji mmoja. Alipiga selo, ile fidla kubwa inayobanwa kwa magoti, katika okestra ya jiji la Dar es Salaam kwa miaka arobaini, kama baba yake, na bado aliita kila kipande kwa namna yake: ile ya mvua, ile ya mama mkwe, ile ya kushuka ngazi. Hata hivyo Wande, binti wa Mihayo, alipotafuta msikilizaji wa mwanawe, alimwandikia baba mkwe wake kwanza.

Muziki ulikwisha. Kondo alifungua macho, akajinyoosha, akamvua mtoto kofia.

"Nimepata ngapi leo, mpagazi?" aliuliza kupitia dirisha dogo la kioo.

"Subiri, mcheza ngoma. Mashine haina haraka kama miguu yenu."

"Babu yako alibeba mzigo wa babu yangu toka huku mpaka pwani hakuuliza swali. Wewe umepewa mashine moja tu ya kusoma, imekutoa jasho."

"Na babu yako aliupokea mzigo, akauweka chini, akaenda ngomani mpaka ukaoza."

Wauguzi walicheka. Mihayo alikuwa Mnyamwezi na Kondo Mzaramo, na makabila hayo mawili ni watani tangu enzi za misafara. Kama wakwe walipaswa kuheshimiana, lakini siku ya harusi ya watoto wao walikubaliana kwamba utani ni mkubwa kuliko ukwe. Mtani anaweza kukutukana mbele ya watu nawe ucheke. Anaweza kumchukua kuku wako nawe umfungulie mlango. Kwao sharti lilikuwa moja: aliyetania aseme kuwa ametania kabla jua halijazama, ili mwenzake asilale na neno moyoni.

Nyamizi alitoka mbio chumbani. Mihayo aliinama, akafungua mikono. Mtoto alipita chini ya mkono wake wa kushoto bila kumtazama, akageuka, akarudi kukumbatia goti la Kondo, aliyekuwa akimfuata polepole.

"Haya, useme basi," Kondo alisema. "Ngapi?"

Mihayo aliitazama karatasi. "Sifuri," alisema.

Kondo alicheka mpaka akakohoa. "Sifuri kabisa? Hata nusu hamna?"

"Mashine inasema umelala. Mtoto anapokea usingizi tu. Unamzibia."

"Ndiyo maana mimi nikiamka najisikia mtupu," Kondo alisema, akafuta macho, akamnyanyua mtoto begani. Mihayo alikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.

* * *

Kondo alikuwa amefikia nyumbani kwa Wande, nyumba mbili kutoka kwa Mihayo, na jioni zote walikula pamoja kibarazani. Siku hiyo Kondo alikula kidogo. Jua lilikuwa bado limeshika paa za jirani. Mara mbili alimtazama Mihayo kama mtu anayemkumbusha mwenzake zamu yake katika mchezo wa bao.

Mihayo alitafuna ugali.

"Mtani," Kondo alisema mwishoni. "Ile sifuri."

"Ile sifuri imefanyaje?"

"Nauliza tu. Jua hilo linakwenda."

Mihayo alikuwa na neno mdomoni. Lilikuwa neno fupi, na alikuwa amelisema mara mia katika maisha yake. Lakini Nyamizi alikuwa amelala mapajani mwa Kondo, mkono wake umeshika kidole cha yule mzee, na midomo ikicheza usingizini.

"Mizani haina utani," Mihayo alisema.

Paa la jirani likawa jeusi. Kondo hakukasirika, na hilo Mihayo alilichukia zaidi.

"Nilijua nimezeeka," Kondo alisema. "Sikujua ni kiasi hicho. Nasikia raha, mkwe, lakini labda ni raha ya kuikumbuka tu. Labda haifiki." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mkwe tangu aje. "Kama ni mimi ninayemzibia mtoto, acha niondoke kabla muda wake haujaisha."

Asubuhi alipanda treni ya kurudi Kisarawe. Wande alimsihi mpaka stesheni, na yeye akamjibu kwamba ana mikorosho ya kuangalia. Hakumwambia sababu. Aliona aibu, na aibu yake ikawa pazia la Mihayo.

"Amejiondoa," Mihayo alimwambia Dakta Yuditha. "Mambo ya shamba."

Daktari alikaa kwenye kiti chake kwa uzito. "Na hiyo tisini na moja yake? Nitaipata wapi?"

"Mimi ni babu wa damu vilevile," alisema Mihayo. "Na muziki huu naujua."

* * *

Alivaa suti yake ya mahafali siku ya kwanza. Alichagua kipande kwa uangalifu, kirefu, chenye sehemu nne, ambacho alikuwa amekiandikia kurasa kumi na moja. Kwa kuwa hakukuwa na mpimaji mwingine, mizani iligeuzwa aweze kuiona kutoka kitini.

Alisikiliza kama mtu anayefanya mtihani. Alijua selo zingeingia wapi, na zilipoingia alifikiri: hapa ndipo Kondo angekoroma. Filimbi ya pili ilipoingia alifikiri: Kondo hajui hata kama hii ni ya pili. Raha ilikuwepo. Aliihisi ikipanda kifuani, ya kweli, ile ile iliyomshika miaka kumi na tisa nyuma alipovaa vipokea sauti kwa mara ya kwanza akalia akiwa amesimama. Lakini kila ilipopanda ilimkuta Kondo amekwisha kukaa pale.

Mizani ilikuwa na mistari miwili. Wa kijani ulionyesha raha. Wa pili, wa kahawia, ulikuwa mwembamba chini ya karatasi, na wapimaji waliuita mashapo. Ulionyesha kila kitu kinachosafiri pamoja na raha bila kuitwa: woga, hasira, huzuni ya msiba. Daraja halichuji. Mtoto hupokea maji pamoja na tope lake. Kanuni za Kituo zilisema mashapo yakizidi kumi, msikilizaji aondolewe siku hiyo hiyo.

Raha ya Mihayo ilikuwa sabini na nne. Mashapo yalikuwa thelathini na moja.

Alijiambia ni wasiwasi wa siku ya kwanza. Aliandika: mashapo, manne. Kikao cha pili yalikuwa thelathini na tatu. Aliandika manne. Cha tatu alijaribu kufumba macho na kutofikiri chochote, akagundua kwamba kutofikiri kwake kulikuwa na umbo la Kondo. Thelathini na tisa. Aliandika manne.

Kikao cha sita kilipokwisha, alimtoa Nyamizi mpaka ukumbi wa kungojea, ambako Wande alikuwa amekaa na kina mama wengine. Mihayo aliketi kwenye benchi. Mtoto wa jirani yao kwenye benchi, msichana wa umri ule ule, alisogea akaweka kiganja juu ya goti la Mihayo kwa sababu lilikuwa karibu.

Nyamizi alikuja. Aliutoa mkono wa mwenzake gotini, kidole kimoja kimoja, bila haraka. Kisha akamsukuma kifuani, yule mtoto akaanguka chali.

"Wangu," Nyamizi alisema.

Wande alisimama, mkono mdomoni.

"Wangu," mtoto alirudia, ameshika suruali ya babu yake kwa ngumi mbili.

Wande alilia. Alimkumbatia mtoto, akamkumbatia baba yake, na hata yule mama ambaye mwanawe aliangushwa alipiga vigelegele huku akimfuta wake machozi. "Baba," Wande alisema, "baba, umemfungua. Nami nilikuwa nikimbembeleza mzee wa watu abaki. Nisamehe, baba."

Mihayo alikuwa amelitamani neno hilo la mtoto. Alikuwa amelitamani kutoka mdomo huo huo, kuhusu yeye mwenyewe, na lilikuwa limekuja mbele ya mashahidi. Alishusha macho amwone mjukuu wake akilisema tena.

Aliuona uso wa mtoto. Midomo ilikuwa imebanwa, pua imetanuka kidogo, macho yamemgandia yule mwenzake aliyeanguka. Mihayo alikuwa ameuona uso huo asubuhi ile ile, umeakisiwa kwenye kioo cha chumba cha kusikilizia.

* * *

Siku nne zilizofuata Nyamizi alilisema neno hilo mara nyingi. Alilisema kwa kijiko, kwa mkeka, kwa mama yake alipombeba mtoto wa jirani. Hakusema neno lingine. Na alipokuwa kwenye kiti kidogo na muziki ukipiga, midomo haikuchezacheza tena. Alikaa wima, mikono imekunjwa, kama mlinzi wa lango.

"Amechoka tu," Wande alisema walipokuwa wakirudi nyumbani. "Siyo, baba? Neno moja limefungua njia, mengine yatafuata."

"Mengine yatafuata," alisema Mihayo.

"Jana amemng'ata mtoto wa Mama Sinde. Hakulia, hakukasirika. Alimng'ata tu, akaniangalia." Wande alicheka bila furaha. "Hayo ya kung'ata ameyatoa kwa nani mimi sijui. Kwetu hakuna mtu wa hivyo."

Kesho yake Dakta Yuditha alipitia karatasi za Mihayo akiwa amesimama. "Sabini na nne, mashapo manne. Siyo tisini na moja, lakini neno limetoka. Tumebakiwa na siku kumi na moja. Endelea hivyo hivyo mpaka mwisho, mzee wangu. Tukimwondoa msikilizaji sasa tunaweza kupoteza hata hilo moja."

Hapo ndipo Mihayo alipobanwa. Angesema ukweli, angeondolewa siku hiyo, na labda Kondo asingekuja, mzee aliyeambiwa kuwa ni kizuizi. Mtoto angefikisha miaka mitatu bila msikilizaji yeyote, na mlango ungefungwa juu ya neno moja. Angenyamaza, mtoto angepata maneno, mengi pengine, na kila neno lingekuja na tope lake. Angekuwa mwanamke mzima anayezungumza vizuri, asiyeweza kuona goti la mtu bila kuhesabu mikono iliyolishika. Mihayo alijaribu kujiambia kwamba watu wengi wanaishi hivyo. Yeye mwenyewe alikuwa ameishi hivyo, akapata cheti.

Saa ya mapumziko ya mchana alibaki peke yake. Alivaa kofia bila kumuunganisha mtu, akawasha mizani, akaweka kipande ambacho Kondo alikiita ile ya mvua. Alitaka kujua kama anaweza kujisafisha. Kama mashapo yangeshuka chini ya kumi, hata mara moja, angejua kwamba zipo siku kumi na moja za kufanya kazi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa kweli kama mvua. Hakuwa ameliona hilo kwa miaka kumi na tisa, na aliyemwonyesha hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja.

Mizani ilionyesha arobaini na nne.

Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua juu ya meza. Raha, tisini na moja. Mstari wa kahawia haukuwepo. Alitafuta kwa kioo cha kukuzia, akidhani wino ulikuwa umefifia. Haukuwepo. Yule mtu alikuwa amekaa kwenye kiti kile kwa wiki tatu, akitukanwa kuwa mcheza ngoma, na hakuwa na kitu kingine ndani yake zaidi ya muziki na mtoto.

Mihayo alimchukia kwa dakika nzima. Kisha akachukua kalamu.

Kanuni ilisema mpimaji anayesahihisha kipimo aandike kwa mkono wake mwenyewe, nakala mbili, kwa sababu miaka hiyo mashine ziliweza kuandika ungamo la mtu yeyote. Isitoshe Kondo hakuwa na simu. Alisema inamharibia masikio. Mihayo aliandika bila kufuta.

"Kwa Mzee Kondo Mwinshehe, Kisarawe. Nakala kwa Mkuu wa Kituo.

"Mimi Mihayo Kazwala, mpimaji, nasahihisha kipimo. Nilikuambia umepata sifuri. Ulipata tisini na moja, na karatasi yake naiambatisha. Sifuri ilikuwa ni mashapo yako. Sikuwa natania. Ulinisubiri mpaka jua likazama na mimi niliona kuwa unanisubiri.

"Baada yako nimesikiliza mimi. Nimeandika mashapo manne mara kumi, na hayakuwa manne hata mara moja. Mtoto anasema neno moja. Nimemfundisha mimi, na si neno ambalo ningependa kumwachia.

"Anatimiza miaka mitatu tarehe kumi na tisa. Ukipanda treni siku utakayoipata barua hii, utakuwa na vikao vinane. Dakta atamtafuta mpimaji mwingine, kwa kuwa mimi sitakuwepo. Usishughulike kwanza na kunisamehe. Panda treni kwanza."

Nakala moja aliiweka juu ya meza ya Dakta Yuditha, juu kabisa, mahali ambapo angeweka kikombe chake. Kisha akavua beji ya upimaji, akaiweka juu ya karatasi isipeperuke. Nyingine aliitia katika bahasha, akavuka barabara mpaka posta ya stesheni.

Karani alikuwa kijana mwenye miwani, anakula karanga. "Shikamoo, mzee. Ya kawaida au ya haraka?"

"Marahaba. Ya kawaida inachukua siku ngapi?"

"Tano, sita. Ya haraka inapanda treni hii hii iliyopo, inafika kesho asubuhi."

Mihayo alijikuta akihesabu. Siku sita za kawaida, na siku moja ya mzee kukata shauri, na safari. Kondo angefika vikao viwili kabla ya mwisho. Ingekuwa barua ya kweli, imetumwa kweli, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kasi ya posta. Na kwa siku zote hizo Nyamizi angeendelea kumshika suruali kwa ngumi mbili mbele ya watu.

"Mzee?"

"Ya haraka," alisema Mihayo.

Karani alisukuma kwake bahasha, juu yake kidonge cha lakiri ya kufungia barua kilichokuwa kimeanza kulainika. "Dole gumba hapo. Kandamiza mpaka nikuambie."

Alikandamiza. Lakiri ilikuwa ya moto kuliko alivyotegemea. Alimwona Kondo akijilaza kwenye kile kiti, mdomo wazi, na midomo ya mtoto ikianza tena kucheza pembeni yake, na wivu ukamuuma vilevile kama siku ya kwanza. Haukuwa umepungua hata kidogo.

"Imetosha," karani alisema.

Mihayo aliinua dole, akaichukua bahasha, akaitumbukiza mwenyewe kwenye mfuko wa treni.